Kuhani Asiyestaafu



Waebrania sura ya 7 yaeleza kwamba makuhani wa Walawi walikuwa wengi kwa sababu kifo kiliwaondoa mmoja baada ya mwingine. Yesu hafi tena. Ukuhani wake haurithiwi, naye hutuombea siku zote.

Hapa kwetu, Kitale hadi Bungoma, Wakatoliki wana mapadri; Marafiki (Quakers), waliofungua misheni Kaimosi mwaka 1902, hawana. Hata hivyo, wote humkiri Kristo kuwa Kuhani Mkuu.

Basi mzazi unayewaza karo asubuhi hii, ukiishiwa maneno, omba kwa machache uliyo nayo. Yupo anayekutetea kwa Baba. Nawe leo mwombee jirani yako, hata yule mliyenuniana naye.