Likizo ya Masika

Mzazi wa Handeni au Korogwe, ikikaribia likizo fupi ya Aprili, aghalabu huuliza ni wapi palipo na sifa kubwa, ilhali lililo aula ni kumtazama kwanza aliye dhaifu kuliko wote katika msafara, yaani mtoto atapikaye garini ama bibi mwenye magoti mabovu, kisha kulitazama wingu. Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal zama za Wadachi, ina hewa latifu na mandhari adhimu ya Irente, walakini kona za kupandia kutoka Mombo, takriban kilomita 33, hazina mzaha wakati wa masika. Na Saadani, ambako nyika hukutana na bahari, tope lake halina huruma. Basi mimi, nijapokuwa mpenzi wa baridi ya milimani, ningeelekea Tanga, kwani wa Handeni akipitia Mkata na wa Korogwe akiteremka hukutana Segera juu ya lami, na mapango ya Amboni, yaliyochimbwa na maji katika mawe ya chokaa, yana dari lake mvua inyeshapo. Bibi na atungoje langoni. Lushoto nimeiwekea Desemba.