Je, Mzazi Asaidie Asichokipenda?

Liko swali ambalo wazazi wengi huwa nalo moyoni bila kulisema, nalo lastahili kujibiwa waziwazi: Je, mzazi analazimika kusaidia jambo linalopendwa na mwanawe, ikiwa yeye mwenyewe halipendi wala halielewi?

Tumchukue kwa mfano mkulima wa kahawa wa Mbebe, wilayani Ileje. Amesilimu akiwa mtu mzima, na kwa kuwa alichelewa kuijua dini, amenuia kwamba mwanawe wa kwanza aende chuo cha dini akawe mwalimu. Lakini kijana huyo, kila apatapo nafasi, yumo katika redio na simu mbovu: anazifungua, anachomoa nyaya, analehemu, mpaka zinasema tena. Baba haoni humo ila takataka mezani. Swali lake si dogo, kwa maana nia yake ni njema. Anaogopa kwamba akimwachia kijana, atakuwa ameiuza akhera ya mwanawe kwa redio.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa: haki ya mzazi ya kutiiwa, na mamlaka ya mzazi juu ya vipawa vya mtoto. Qurani Tukufu imeuweka wema kwa wazazi karibu kabisa na ibada ya Mwenyezi Mungu, wala hakuna Mwislamu awezaye kulipunguza jambo hilo. Lakini utii ni deni lililo juu ya mtoto. Haumgeuzi mtoto kuwa mali. Mtoto ni amana. Naye aliyewekewa amana haulizwi anapenda nini, bali huulizwa ameitunzaje. Aliyempa kijana yule mikono myepesi na akili ya udadisi si baba yake. Basi kabla ya kuvidharau vipawa hivyo, na ajiulize vimetoka kwa nani.

Pili, tumtazame Mtukufu Mtume s.a.w. Palikuwa na mtoto mdogo Madina, ndugu yake Anas r.a., aliyeitwa Abu Umair. Mtoto huyu alikuwa na ndege mdogo aliyempenda, na ndege yule akafa. Mtukufu Mtume s.a.w., ambaye mabegani mwake ulikuwako mzigo wa umma mzima, alimwona mtoto amehuzunika, akamwuliza habari za ndege wake. Vivyo hivyo Bibi Aisha r.a. amesimulia kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini, naye Mtume s.a.w. akasimama akimsitiri ili atazame, mpaka yeye Bibi Aisha alipotosheka. Angalia neno hili vizuri, ewe msomaji. Kipimo cha kusimama kule hakikuwa hamu ya aliyesimama, bali hamu ya aliyesimamiwa.

Na tusidhani kwamba mambo haya ni ya zamani tu. Katika mtaa wa Katwe, mjini Kampala, aliishi mama mmoja mjane, Nakku Harriet, aliyeuza mahindi ili walio nyumbani wapate kula. Yapata mwaka 2005 binti yake, Phiona Mutesi, alimfuata kaka yake mpaka mahali ambapo mwalimu Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Mama hakuujua mchezo huo. Majirani wakamtisha kwamba ni mchezo wa Wazungu, na kwamba Wazungu watamchukua binti yake. Hata hivyo alimwacha aende. Mwaka 2010 Phiona aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya mataifa huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2012, mjini Istanbul, alijipatia cheo cha kimataifa. Na mwaka 2017 alikwenda Marekani kusoma katika chuo kikuu.

Tusiupambe mfano huu kupita kiasi. Uji ule ulikuwa na sehemu kubwa katika ruhusa ya mama, maana njaa ilikuwako nyumbani. Wala sisemi kwamba kila mtoto aliyesaidiwa atapanda ndege. Walio wengi hawatapanda. Nisemalo ni hili: mama yule hakuhitaji kujua jinsi farasi wa sataranji anavyokwenda ubaoni. Alihitaji tu kutoufanya ugeni wake katika jambo lile kuwa ukuta mbele ya mtoto.

Huenda msomaji akapinga: "Mapenzi ya mtoto hupita kama mvua ya vuli, na umaskini haungoji." Hoja hii ina uzito, wala hatuikatai yote. Kusaidia si kuacha uongozi. Mzazi ana haki, tena ana wajibu, wa kuuliza maswali matatu. Je, jambo hili ni halali? Je, linaziachia Sala, masomo na kazi za nyumbani nafasi yake? Je, gharama yake inawanyang'anya ndugu zake haki yao? Likishindwa katika moja ya hayo, alizuie au aliwekee mpaka, tena kwa maelezo. Lakini likishinda katika yote matatu, kinachobaki ni ladha ya mzazi tu, na ladha ya mtu si sheria. Hata mapenzi hayo yakipita, kijana hatakuwa amepata hasara: atakuwa amejifunza subira katika kazi ngumu, na atajua kwamba baba alisimama naye.

Wengine hutaja methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Ni kweli, lakini tunachoagizwa kukikunja ni tabia, si kipawa. Ukweli, unyenyekevu na kumcha Mungu, hayo mkunjie mapema. Kama atayatumia akiwa shambani, darasani au mbele ya redio iliyofunguliwa, hilo ni jambo jingine.

Mimi nafundisha katika chuo cha dini, na furaha yangu ni kuona madarasa yetu yamejaa. Lakini nasema bila kusita: afadhali fundi mwaminifu anayesali kwa hiari yake, kuliko mwalimu wa dini aliyeletwa kwa kulazimishwa. Wa kwanza ataihubiri dini kwa kutomdanganya mteja. Wa pili ataifundisha kwa midomo huku moyo wake uko kwingine, na wanafunzi watalitambua hilo kabla ya muda mrefu.

Basi ufanye nini, ewe mzazi? Usijisingizie kupenda, maana mtoto hutambua uwongo. Mwambie kweli: "Mwanangu, mimi jambo hili silielewi, hebu nionyeshe." Kisha keti, hata kwa muda mfupi, utazame. Mpe meza, umwekee saa yake. Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Asiyetunzwa kwao atakwenda kuchezea kwa wageni, na huko hatujui atatunzwa na nani, wala kwa malipo gani.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwalea watoto wetu kama amana yake, si kama vivuli vyetu. Amin.