Darsa ya Ramadhani, siku ya 14: Mjamzito mwenye kisukari na rukhsa tunayomnyima

Ndugu zangu wa Kintinku na nyote mnaotufuata mkiwa mbali,

Limeletwa swali, na mwenyewe ameniruhusu kulijibu hapa bila jina. Dada ana mimba ya miezi sita. Kliniki wamempima, sukari iko juu, ni kisukari cha mimba, wakamwambia asifunge. Naye anafunga. Anasema, "Ustadhi, nikila mchana nyumba nzima itajua, na mama mkwe wangu alifunga mimba zake zote."

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana wengi wetu tunadhani kisukari ni cha wazee wenye vitambi. Mimba inapokua, kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama ifanye kazi kwa shida. Kwa wanawake wengi kongosho huongeza juhudi na mambo yanakwenda. Kwa wengine linashindwa, sukari inabaki kwenye damu, na mara nyingi mama hasikii chochote. Ndiyo maana wataalamu wanapenda kipimo kifanyike kati ya wiki ya 24 na ya 28. Sasa sikilizeni hapa: sukari ya mama inavuka kwenda kwa mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Mtoto analazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi, ananenepa, anaweza kufika kilo 4 na kupita, na mabega yakakwama wakati wa kuzaliwa. Sisi nje tunapiga vigelegele, mtoto bonge mashaallah! Akishakatwa kitovu, sukari ya mama imekoma ila insulini yake bado ni nyingi, kwa hiyo sukari yake inaweza kushuka ghafla. Mtoto huyo anahitaji kunyonya ndani ya saa ya kwanza na kuangaliwa kwa karibu.

Mama huyu akifunga, anaumizwa pande mbili. Mchana sukari inaweza kushuka mno, hasa kama anachoma insulini. Magharibi tunampa uji wenye sukari, tende, kaimati na juisi ya kopo, inapanda kwa mpigo.

Na msiseme haya ni ya Dar es Salaam. Ni kweli, watafiti wa Chuo cha Sokoine waliwahi kupima wajawazito mjini na kijijini, na matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionesha mjini zaidi ya 8 katika 100 wanacho, kijijini kama 1. Lakini sisi tuko barabarani na relini. Soda na biskuti zilifika hapa zamani.

Fiqhi yake ni nyepesi. Al-Baqara aya ya 184 imempa mgonjwa rukhsa, na ipo hadithi ya Anas bin Malik al-Ka'bi (siyo yule Anas mhudumu wa Mtume, wengi huwachanganya) inayowataja mjamzito na anayenyonyesha kuwa wameondolewewa funga. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyejihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, analipa siku tu. Aliyemhofia mtoto peke yake analipa siku pamoja na fidia ya kibaba kwa kila siku. Dada yetu yumo kwenye kundi la kwanza. Tena madhara yakishathibiti, kula kunakuwa wajibu. Mjamzito mwenye afya, ambaye kliniki hawakumkataza na anajiona anaweza, huyo ni habari nyingine, afunge.

Kwa hiyo jibu analijua. Kinachomfungisha ni sisi. Na hapa ndipo ninapotaka tubaki kidogo. Rukhsa ambayo mtu anaona haya kuitumia, je, bado anayo? Mola ameitoa, halafu jirani, wifi na mama mkwe wameichukua kwa macho tu, bila hata kusema neno. Mtu akimwongezea mwenzake sharti ambalo Mwenyezi Mungu amelipunguza, tusiite hiyo ni uchamungu.

Wapo watakaosema, "Mbona mama zetu walifunga na sisi tuko wazima?" Waliozungumza ni wazima. Wachumi wawili, Almond na Mazumder, walichapisha 2011 uchunguzi uliotumia sensa ya Uganda ya 2002. Waliwaangalia watu wazima Waislamu ambao mwanzo wa mimba zao uliangukia Ramadhani, wakakuta ulemavu kwao umezidi kwa kama asilimia 20. Nisiwatishe bure: hawakujua mama yupi alifunga na yupi hakufunga, walikuwa na tarehe za kuzaliwa tu. Hiyo si hukumu juu ya mama wa mtu. Lakini inatosha kuiondoa ile hoja ya "tuko wazima".

Sasa nyinyi kina baba. At-Talaq aya ya 6 inaamuru mwanamke aliyeachwa akiwa mjamzito atunzwe mpaka ajifungue. Aliyeachwa! Je, aliyeko ndani kwako? Matunzo si debe la mahindi tu. Mwenye kisukari cha mimba anahitaji maharage, dagaa, mlenda, mboga za majani na mayai. (Ile ya mayai kumfanya mtoto azaliwe na kipara, jamani, tuiache.) Mtama na uwele usiokobolewa hupandisha sukari polepole kuliko sembe, ila ugali ni ugali, sahani isijae. Chai bila sukari, milo midogo midogo, na kutembea kidogo baada ya kula. Hayo hayawezekani kama pesa ya mboga unaishika wewe na unarudi usiku.

Dada yangu, kesho kula. Ukitaka, kula chumbani, hiyo ni stara. Nenda na kadi yako kliniki kwa tarehe uliyopangiwa, na ukishajifungua rudi upimwe tena baada ya wiki 6 hadi 12, kwa sababu aliyepata kisukari cha mimba yuko karibu zaidi na kisukari cha kudumu. Siku zako utazilipa ukipata nguvu. Kama unanyonyesha na ikakuwia vigumu, niulize tena wakati huo.

Kesho baada ya Alasiri, inshaallah, tunaendelea na hukumu za kulipa funga. Mama wakwe nawaomba mje, mkae mbele.

Wabillahi tawfiq.