Lawama ya Kilichomo Ndani ya Dumu

Dumu la oili la lita 4 halionyeshi kilichomo. Limefungwa kwa lakiri, nembo inang'aa, na muuzaji ameshalifuta vumbi kabla mteja hajauliza bei. Katika maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, maongezi huwa mafupi. "Hii orijino?" "Orijino kabisa, bosi wangu." Fundi aliyemsindikiza mteja anaitikia kwa kichwa, noti zinahesabiwa, dumu linaingia mfukoni. Muuzaji alilipokea kwenye katoni kutoka kwa muuzaji wa jumla. Fundi ameizoea rangi yake. Mteja anamwamini fundi. Watatu wanaamini, na hakuna aliyeona.

Si ujinga huo. Mengi anayoyajua binadamu ameyapokea kwa wengine, kuanzia siku aliyozaliwa hadi kilichomo kwenye kidonge cha malaria. Swali lililowasumbua wanafalsafa na wanazuoni kwa karne nyingi ni jingine: imani ya namna hiyo ikimponza mtu, lawama ni ya aliyeamini au ya aliyeaminiwa?

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza W. K. Clifford alichapisha insha juu ya maadili ya kuamini. Alisimulia habari za mwenye meli aliyejua kwamba chombo chake kimechakaa. Wasiwasi ulipomjia aliufukuza: meli imevuka salama safari nyingi, na Mungu hatashindwa kuzilinda familia zinazohamia ng'ambo. Meli ikazama na abiria wake, naye akapokea fedha za bima. Clifford alimtia hatiani, tena akasema hatia ingekuwa ileile hata kama meli ingefika, kwa sababu mtu yule hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini.

Wanaoisoma insha hiyo haraka haraka huifanya fimbo ya kumchapia kila mwenye kuamini kirahisi, akiwamo mteja wa Gerezani. Lakini aliyesimamishwa kizimbani ni nani? Ni mwenye meli, aliyekuwa na nafasi ya kuwaita mafundi waikague. Abiria hawaulizwi kwa nini walipanda bila kugongagonga mbao.

Hapo Clifford, ambaye dini alikuwa ameshaipa kisogo, anakutana njiani na sheria ya soko ya Kiislamu. Katika Sahihi Muslim imo hadithi iliyopokewa kwa Abu Hurayra: Mtume alipita penye rundo la nafaka sokoni, akatumbukiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza mbona ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Mvua haikuwa kosa la muuzaji, na nafaka ilikuwa nafaka kweli. Kosa lilikuwa mpangilio, kavu juu na mbichi chini. Mafakihi wakaweka kanuni kwamba mnunuzi akigundua kasoro iliyofichwa ana hiari ya kurudisha mali. Wala haimwangukii yeye kuithibitishia mahakama kwamba alichimbua rundo lote. Katika karne ya 12, huko Shamu, al-Shayzari aliwaandikia wakaguzi wa soko mwongozo mzima wa hila za wauza dawa, sharubati na manukato, na jinsi ya kuzinasa.

Kwa mizani hiyo, anayejaza oili chakavu iliyochujwa kwenye dumu lenye nembo ya mwingine hana pa kujificha. Kesi ngumu zaidi ni ya kichupa kinachopangwa kando ya dumu: dawa ya kusafisha nozeli na mfumo wa mafuta. Hiki kinaweza kuwa halali kabisa, kilichoandikwa ndicho kilichomo. Anayekinunua hujiambia kwamba kisiposaidia hakitadhuru.

Hoja hiyo ina ukoo mkubwa. Mwanafalsafa Mfaransa Blaise Pascal, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1670 baada ya kifo chake, aliwashauri wenye shaka wamwamini Mungu kama mtu anayecheza bahati nasibu: wakipata, wamepata vyote, wakikosa, hawakupoteza kitu. Mwanafalsafa mwenzake Diderot baadaye alijibu kwamba imamu naye angeweza kuitumia hoja hiyohiyo. Kwenye rafu ya vilainishi pingamizi la Diderot linaonekana kwa macho, maana kila chupa inaahidi wokovu wa injini, na mantiki inayomtaka mtu anunue ya kwanza inamtaka anunue zote.

Tena chupa, tofauti na Mungu wa Pascal, hupimika. Nozeli zilizoshika uchafu husafishika kweli kwa kemikali iitwayo polietheramini, na zipo dawa zinazoitumia. Lakini katika injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo dawa iliyomiminwa kwenye tangi haizigusi vali hizo, iwe ya bei gani. Kuhusu viongeza vya kuchanganya na oili, mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani iliwashtaki wauzaji wa Slick 50 kwa matangazo yaliyowafanya watu waamini kwamba injini nyingi hazina kinga ya kutosha zinapowashwa. Tume ilisema injini nyingi hulindwa vya kutosha na oili iliyopendekezwa na mtengenezaji wa gari. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1997.

Na ile kauli ya "haitadhuru" si kweli hata kidogo. Mtu akishamimina dawa hujiona ametibu. Pampu ya mafuta inayokufa inaendelea kufa, sasa bila wa kuihofia.

Kwa hiyo mteja naye ana wajibu wake, ingawa mdogo kuliko wa muuzaji: kujua kile ambacho kiko wazi mbele yake. Magari mengi yaliyotumika huja kutoka Japani na kitabu cha Kijapani, ambacho dereva hafungui tena. Hata hivyo, kwenye mfuniko wa oili wa Toyota nyingi za miaka ya karibuni pameandikwa 0W-20, herufi na namba zisizohitaji mkalimani. Fundi atasema, "Kwa joto letu hili weka nzito, kaka," na kumimina 20W-50. Maelezo yake yanaingia akilini, ila yana kasoro. Namba ya pili, inayoonyesha uzito wa oili, hupimwa oili ikiwa na nyuzi 100 za Selsiasi, na injini ikishapata moto, thamostati huishikilia karibu na joto lilelile, iwe Sapporo au Tandika. Nembo ya mviringo ya API nayo inaweza kukaguliwa, kwa sababu taasisi hiyo ya Marekani huweka hadharani orodha ya kampuni zilizopewa leseni ya kuitumia.

Yapo mambo ambayo macho ya mteja hayafiki, na hapo dola ndiyo inayokuwa mkaguzi wa soko. Mwaka 2010 Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambuzi, kwenye mafuta ili kuwanasa wanaochanganya petroli au dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi bei yake ikakaribia ya dizeli, ili uchakachuaji usiwe na faida. Kenya ilifuata mkondo huo mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Hatua hizo zilikuwa na mantiki, lakini bili iliangukia wapi? Kwenye koroboi na majiko ya mchina, kwa mama asiyewahi kumiliki hata baiskeli. Clifford alisisitiza kwamba imani ya mtu mmoja si mali yake peke yake. Angeweza kuongeza kwamba hata dawa ya udanganyifu hulipiwa na wasiokuwamo kwenye biashara.

Katika mnyororo huu kuna pingili moja ambayo mwenye gari ndiye anayeiuza, au anayeigawa bure bila kufikiri. Dumu tupu lenye nembo halisi lina soko lake, na aliyeliacha gereji amemwachia mghushi chombo safi chenye jina zuri. Wakati wa kumwaga oili, simama hapohapo, uone lakiri ikikatwa mbele yako. Fundi akimaliza, mwombe bisibisi, toboa dumu pande mbili, chana na karatasi ya nembo, ndipo ulitupe.