Haki ya Mwenzi wa Njiani

Waarabu wana methali isemayo kuwa rafiki hutangulia njia. Maana yake, mtu na amtafute mwenzi kwanza, kisha ndipo aianze safari. Vijana wanaozuru miji ya pwani siku hizi na shanta zao mgongoni wameipindua methali hiyo. Wao huanza na njia, na njia ndiyo huwapa rafiki. Kijana hutoka kwao peke yake, akashuka Mombasa au Dar es Salaam, na kabla jua la pili halijachwa amekwisha pata wenzi wawili watatu ambao jana hakuwajua. Huandamana nao Tanga, Pangani, Bagamoyo na Unguja. Hula sahani moja, hugawana kodi ya chumba, huangaliziana mizigo, na aghalabu huambiana siri ambazo nyumbani hawakuwaambia ndugu zao. Kisha siku moja kila mtu hushika njia yake. Wenzi wa namna hii wana haki gani kati yao? Je, siku tatu zatosha kumfunga mtu kwa mtu?

Swali hili ni jepesi maadamu wote ni wazima na fedha zipo. Uzito wake huonekana siku ya dhiki. Na uchukuliwe mfano wa vijana watatu waliokutana melini katika safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Siku ya nne wamelala Bububu, kaskazini ya mji, mahali penye chemchemi ambazo katika zama za Seyyid Barghash maji yake yalipelekwa mjini. Kabla ya alfajiri mmoja wao ashikwa na homa kali; kulipokucha hawezi kusimama. Wenziwe wawili wamekwisha kata tikiti za meli ya Pemba, nayo itang'oa nanga asubuhi ile ile katika bandari ya Malindi. Gari imekwisha fika mlangoni. Mgonjwa asema kwa sauti dhaifu, "Nendeni tu, msichelewe kwa ajili yangu." Wawili wale watazamana.

Anayetaka kwenda ana hoja, wala si hoja ya mtu mwovu. Atasema kuwa hakumwahidi mgonjwa chochote. Deni hutokana na mapatano, udugu hutokana na damu au ndoa, na ujirani hutokana na kukaa pamoja muda mrefu; yeye na mgonjwa hawana hata moja katika haya. Jina la ukoo wake halijui. Tena, utamu wa safari yao ni uhuru: kila mmoja alikuja peke yake ili asiwe mzigo kwa mtu, wala mtu asiwe mzigo kwake. Mwisho atasema kuwa mgonjwa mwenyewe ametoa ruhusa.

Hoja hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni katika ruhusa. Waswahili husema, msafiri maskini ajapokuwa sultani. Na maskini hutoa ruhusa kwa kuwa hana uwezo wa kuinyima. Neno "nendeni" litokalo kinywani mwa mtu aliyelala kwa homa ugenini halipimwi kwa mizani moja na neno la mtu mzima aliyesimama kwao. Pengine ni haya ya kuomba iliyovaa nguo ya ukarimu. Anayelipokea kuwa ni hati ya kumweka huru amechukua zaidi ya alichopewa.

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Si kweli kwamba hapana deni. Melini kijana huyu alisinzia kwa raha kwa sababu mwenziwe alikaa macho karibu na mizigo. Usiku alipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe bila ya hofu kwa sababu hakuwa peke yake. Chumba alikipata kwa theluthi ya bei. Yote hayo aliyakopa, ijapokuwa hapana aliyeandika. Mtu hawezi kula faida ya uwenzi siku tatu, na siku ya nne, hasara inapobisha hodi, akasema kwamba uwenzi haukuwapo.

Lakini si kila aliye karibu ni mwenzi, na yafaa kutenga mambo mawili yaliyofanana kwa sura. Tangu mwaka 1905 reli ndogo ya maili saba hivi iliunganisha mji wa Unguja na Bububu, na gari la moshi lilichukua abiria mpaka mwaka 1922. Walioketi katika behewa moja walielekea mahali pamoja kwa mwendo mmoja. Hata hivyo, kuketi huko hakukuwafanya wenzi. Mmoja aliposhuka, safari ya wa pili haikupungua kitu. Abiria humtegemea mwenye gari, wenzi hutegemeana. Kipimo, basi, si wingi wa siku. Watu waweza kupanda gari moja miaka kumi wakabaki abiria, na wengine wakawa wenzi kwa usiku mmoja.

Ibn Batuta, msafiri mashuhuri aliyefika pwani hii, aliyajua mambo haya kwa uchungu. Alitoka Tangier mwaka 1325, umri wake miaka 21, bila ya mwenzi. Wenzi aliwapata njiani. Mmoja wao, kadhi, aliugua akafa karibu na Miliana. Mwana wa marehemu na mwenzi mwingine wakarudi Miliana kumzika. Ibn Batuta aliwaacha akaendelea na wafanyabiashara. Lakini nje ya mji wa Algiers walikaa siku kadhaa mpaka wafiwa wakawafikia. Kisha homa ikamshika yeye. Mwenzi yule aliyetoka mazishini akamshauri apumzike, na alipokataa, akamshauri auze mnyama wake na mizigo mizito, akamwazima mnyama na hema. Walipoingia Tunis watu wa mji waliwalaki wenziwe, wala hapana aliyemsalimu yeye. Akalia, mpaka mmoja wa mahujaji akaliona hilo, akamjia akamliwaza. Miaka sita baadaye, mwaka 1331, alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Katika habari zake kuachana kupo, ila wa kupokea hawakukosekana: wafiwa walikuwa wawili, na kisha wakangojwa.

Watu wa Afrika ya Mashariki nao walilijibu swali hili kwa desturi. Misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikutanisha makabila yaliyokuwa mageni kwao kwa wao. Katika safari hizo utani ulistawi, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo. Juu yake utani ni mzaha. Chini yake ni wajibu. Mtani humkirimu mtani, na msiba ukitokea hushika kazi ya mazishi. Hivyo mtu aliyefia mbali na kwao aliweza kupata wa kumzika. Desturi hiyo haikungoja mapenzi yakomae; iliweka wajibu kwanza, mapenzi yakaja yakitaka.

Kutokana na haya yaonekana kwamba haki ya mwenzi wa njiani ina mpaka wake. Haimdai mtu aivunje safari yake yote. Yamdai jambo moja: asimwache mwenziwe pasipo mikono ya kumpokea. Kuachana si kosa. Kutupana ndiko kosa. Vijana wale wa Bububu wana ruhusa ya kwenda Pemba, kesho au keshokutwa, wakiisha mfikisha mgonjwa kwa daktari, wakawapa habari jamaa zake, na wakamkabidhi kwa mtu aliyekubali kumpokea, gharama wakitoa wao. Meli watakayoikosa leo ina bei inayojulikana.

Na mtu wa kumkabidhi aghalabu hayuko mbali. Mama mwenye nyumba waliyolala amekwisha amka; amekwisha bandika uji na kuleta kitambaa cha maji, ingawa katika hesabu ya wenzi hakutiwa. Hapa pana hatari ambayo vijana wasafirio kwa makundi hawaioni upesi. Wenzi wa njiani hukaa duara wakitazamana, na migongo yao huwaelekea wenyeji. Hupita mji baada ya mji wakijuana wao tu. Homa ya mmoja huwalazimisha kugeuka. Na hapo hugundua kwamba, ili kumwomba mama yule amtazame mwenzao, ni lazima kwanza wamwite kwa jina, nalo siku zote hizo hawakuliuliza.