Je, Mchungaji Amkemee Ndugu Yake?

Walimu wa vijijini hutuuliza mara nyingi: Mchungaji alishwaye na washarika wake aweza kuikemea dhambi yao? Na akimwona mchungaji mwenzake amekosa, je, anyamaze ili umoja usivunjike?

Tutazame maisha ya mtu mmoja. James MacGregor alizaliwa Skotlandi mwaka 1759, akatumwa mwaka 1786 kwenda Pictou katika Nova Scotia, upande wa mashariki wa nchi iitwayo leo Kanada. Watu wake walikuwa wametawanyika msituni, na wengi walitaka Neno kwa Kigaeli, lugha ya kwao milimani. Naye alihubiri kwa Kigaeli na kwa Kiingereza. Wakati wa baridi alikwenda kwa miguu, amevaa viatu vipana vya kukanyagia theluji. Washarika walikuwa wakulima wenye fedha chache, na sehemu ya ujira wake ilikuwa mazao ya shamba.

Katika nchi ile walikuwako watu weusi waliofanywa watumwa, na mabwana wengine walikuwa Wakristo. Hata mchungaji mmoja wa jirani alikuwa na msichana mtumwa. Basi mwaka 1788 barua ya MacGregor ilipigwa chapa, akimsihi mchungaji yule amwache msichana huru. Tena alitoa sehemu ya ujira wake mdogo ili kukomboa watumwa.

Wengine watasema: Bwana ametuagiza kumwendea ndugu kwanza kwa siri, kwa nini kumwaibisha mbele ya watu? Neno hili si dogo. Hatusemi kwamba kila kosa la ndugu litangazwe sokoni. Lakini kosa hili halikuwa la siri. Na msichana yule hakuwa na kiti barazani pa wazee. Kama MacGregor angalinyamaza kwa ajili ya amani, amani ile ingalilipwa na nani? Si na wachungaji wawili, bali na msichana.

Tena hakungoja serikali imwonyeshe njia. Sheria ya Waingereza ya kuondoa utumwa katika makoloni yao ilitolewa mwaka 1833. Naye alikuwa amekufa mwaka 1830.

Sisi, ambao wazee wetu waliziogopa njia za misafara ya watumwa kwenda pwani, twaweza kumsifu upesi. Lakini tujitazame. Tumemjua mzee wa kanisa mwenye sadaka kubwa, aliyemnyima yatima shamba la baba yake. Nasi tulinyamaza, tukakuita kunyamaza kwetu amani.

Basi, mwalimu, kabla hujanyamaza, uliza: Ni nani aumiaye kwa kimya changu? Na kabla hujakemea, uliza: Mimi mwenyewe nimetoa nini? Kwa maana kukemea kusikotugharimu kitu ni kwepesi. Lakini mtu aliyetoa katika uchache wake, ndugu yake hawezi kusema kwamba amependa maneno tu.