Je, Ni Halali Mjumbe Kufurahi?

Ndugu msomaji, yeyote aliyewahi kutumwa mbali kwa fedha za wenzake anajua kwamba anarudi mara mbili. Kwanza anarudi yeye na mzigo wake. Halafu, baada ya siku chache, yanarudi maneno yake, anaposimama mbele ya waliomtuma na kuulizwa: haya, tuambie, kulikuwaje? Katika kurudi huku kwa pili ndiko nilikoanguka, na ndiko ninakotaka kukusimulia.

Mimi ni mkazi wa Iyunga, na kazi yangu ni kukitumikia chama cha wakulima wa kahawa upande wa Mbozi. Mwezi Juni mwaka 2023 wanachama walikubaliana kunituma Hamburg, Ujerumani, kuonana na wanunuzi. Nauli ilitoka katika mfuko wao. Mfuko huo, kama wajuavyo wakulima, hujazwa kwa taabu: kilo 5 au 6 za matunda mabivu yaliyochumwa moja moja kwa mkono ndizo zinazotoa kilo 1 ya kahawa safi. Nilipofika hotelini na kuambiwa bei ya usiku mmoja, nilipiga hesabu nikiwa bado nimesimama pale mapokezi, nikaona kwamba kila nikilala na kuamka nimemaliza karibu gunia zima la kilo 60. Mtu akijua jambo kama hilo, halali vizuri. Au nisema ukweli: nililala vizuri sana, na hapo ndipo penye swali.

Lakini tuanze na mateso, maana msafiri hupenda kuanza nayo. Kupata viza kulinichukua majuma kadhaa. Walitaka taarifa ya benki, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ada ya euro 80 (tangu Juni 2024 ni 90), na zaidi ya yote walitaka uthibitisho kwamba nitarudi nyumbani. Mke wangu alicheka akasema, "Baba, waambie una kuku." Nami nilinunua koti zito la mtumba pale Mwanjelwa, kwani hapa kwetu Juni tunapuliza vidole asubuhi, nikasema ikiwa Mbeya ni hivi, je, Ulaya? Kumbe juma lile Hamburg kulikuwa na joto la kutoa jasho. Lile koti, ambalo bila shaka lilikuja Tanzania kutoka huko huko Ulaya, nililibeba mkononi siku zote kama mtu aliyelipeleka kuwasalimu jamaa zake.

Chumbani nilikaa gizani karibu robo saa, nikibonyeza kila swichi, mpaka mtumishi alipokuja kunionyesha kwamba ile kadi ya kufungulia mlango sharti ichomekwe ukutani ndipo taa ziwake. Niliomba maji ya kunywa, nikaletewa chupa iliyofoka kama soda, tena bila sukari. Mkate ulikuwa mgumu na mweusi. Jumapili maduka yalifungwa yote, kwani sheria yao ndivyo inavyotaka, na mimi sikuwa nimeweka akiba hata ya biskuti.

Mateso haya yote ni ya kweli, na niliyasimulia vizuri niliporudi. Watu walicheka, wengine walinisikitikia.

Sasa nitaje yale ambayo sikuyasimulia. Kule Hamburg, mwezi Juni, jua huzama karibu saa nne ya usiku. Sisi tuliozaliwa huku tumezoea jua linaloshika zamu yake, likifika kama saa moja jioni liwe limeondoka, masika na kiangazi. Kuona watoto wakicheza mpira saa tatu ya usiku katika mwanga mweupe, na wazee wamekaa kando ya maji bila haraka, kulinipa furaha ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi. Tena kulikuwa na jambo la chupa. Ukinunua kinywaji unaweka amana ya senti 25, na ukirudisha chupa dukani mashine inaimeza na kukupa stakabadhi ya fedha zako. Mimi niliyekulia kwenye kreti za soda, ambako hupewi chupa mpaka ulete chupa, nilijiona nimefika nyumbani. Nikawa naokota hata chupa zisizo zangu.

Halafu gari moshi la mjini. Vituo vyake havina geti wala mlinzi. Unaingia, unapanda, unashuka, na hakuna anayekuuliza tiketi, isipokuwa siku wakaguzi wanapotokea, na asiye nayo hulipa euro 60. Mimi nilinunua tiketi kila safari, euro 3 na senti kadhaa, na kwa siku nne hakuna aliyeitazama. Fedha zile ningeweza kuzibakiza katika posho, na nisingejulikana. Nakiri kwamba nilijisifu moyoni. Nilisema: wakulima wa Mbozi wamemtuma mtu mwaminifu.

Basi sikia habari za huyo mtu mwaminifu.

Siku ya pili nilipigiwa simu na ofisi ya wanunuzi. Wakasema kesho saa 8, kwa saa zao, ndio utakuwa uonjaji wa sampuli zetu. Nikaandika katika daftari: "saa 8." Asubuhi yake niliamka, nikafungua daftari, nikasoma maandishi ya mkono wangu mwenyewe kwa Kiswahili: saa nane. Mchana. Nikamshukuru Mungu kwa asubuhi nzima ya bure.

Nikaenda kwenye maghala ya zamani yaliyo kando ya bandari, yaitwayo Speicherstadt. Ni majengo marefu ya matofali mekundu, yaliyosimama juu ya nguzo zilizopigiliwa katika matope, na baina yake kuna mifereji ya maji ambamo mashua hupita. Yalifunguliwa mwaka 1888, na mwaka 2015 yakatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa miaka mingi humo ndimo zilimohifadhiwa kahawa, chai na viungo vya nchi kama zetu. Wafanyabiashara wa mji huo walikuwa wageni wa Unguja zamani sana, na mwaka 1859 Hamburg na miji wenzake walifunga mkataba wa biashara na Sultani. Kwa hiyo kupishana kwetu na watu hawa si kwa jana. Nilipanda mashua. Nilikula samaki katika mkate. Nilikaa darajani nikanusa kahawa ikikaangwa mahali fulani, nikawaza juu ya gunia lililotoka Mbozi likavuka bahari mpaka hapa. Ndugu msomaji, tangu nianze kazi sijapata kuwa na asubuhi nzuri kama ile.

Nilipofika ofisini saa nane mchana, mzee mmoja alinitazama kwa upole, kisha akaitazama saa ya ukutani. Walikuwa wakinitarajia tangu saa mbili asubuhi. Waonjaji walikwisha kuonja, kutema na kuandika alama zao, na vikombe vilikwisha kuoshwa, ila kimoja walichoniwekea kwa heshima.

Sasa ilikuwa hivi: katika sampuli zetu lilikuwamo fungu moja, la kijiji kimoja, lililonyeshewa mvua likiwa bado kwenye meza za kuanikia. Hilo ndilo hasa lililonipeleka. Nilitumwa nieleze kwamba ni magunia machache, kwamba kahawa nyingine ya kijiji hicho ni safi, wasiihukumu yote kwa hiyo moja. Kwenye karatasi, mahali pa maelezo ya mkulima, palikuwa patupu. Wakaniambia nisijali, bei ya kahawa hufuata soko la New York, si maneno ya mtu. Huenda ni kweli. Lakini kijiji kile kilipata bei ya chini kuliko wenzake, na saa ambazo ningekuwa nawasemea, mimi nilikuwa katika mashua.

Niliporudi tukakutana na wanachama katika banda la chama. Nikasimulia koti, kadi ya mlango, maji yanayofoka, mkate mweusi. Nikaeleza bei. Nikasema tuliwakilishwa. Mama mmoja mzee, wa kijiji kile kile, akainua mkono akauliza, "Na wewe mwanangu, hukufurahi hata siku moja?" Nikajibu, "Nilikuwa kazini, mama." Watu wakapiga makofi. Baada ya mkutano yule mama akanifuata na kuku, akasema, "Pole kwa safari, mwanangu." Nikampokea, tukamla Jumapili.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na nadhani kosa langu nililitafuta kwanza mahali pasipo penyewe. Nilidhani dhambi ilikuwa kufurahi. Nikajiambia: fedha ni za maskini, nawe umekaa darajani unakula samaki. Wapo wanaofikiri hivyo, na ndiyo sababu wajumbe wetu wengi wakirudi kutoka ng'ambo husimulia baridi na njaa tu, kana kwamba walipelekwa gerezani. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema kama aruhusiwa kucheka. Lakini ule mwanga wa saa tatu ya usiku haukumgharimu mkulima hata senti moja. Ungekuwapo, nami ningekuwa pale, hata kama ningefumba macho. Kuufumbia macho kusingemrudishia mtu yeyote gunia lake.

Kosa langu lilikuwa katika kulalamika. Malalamiko ya msafiri, ndugu msomaji, mara nyingi ni uongo uliovaa kanzu ya unyenyekevu. Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Mkate ulikuwa mgumu, hakika. Lakini niliupanga ule ugumu mbele kama mtu apangavyo kuni mlangoni, ili asiye na haja ya kuingia asione kilichomo ndani. Nilijua kwamba nikitaja furaha, mtu atauliza: furaha hiyo ilikuwa saa ngapi? Mtu aweza kuwa mwaminifu kwa tiketi ya euro 3 ambayo hakuna aitazamaye, akawa mwongo kwa saa sita ambazo watu wanamwuliza waziwazi.

Wapo waliotangulia kusafiri vizuri kuliko mimi. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, Mngazija, alikwenda Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani, na habari zake zikachapwa mwaka 1901 katika kitabu cha Velten cha safari za Waswahili. Hakutumwa na chama wala kijiji, hakuna ambaye angemdai taarifa, naye akasimulia. Na mwaka 1931 Martin Kayamba, mwana wa Kanisa letu, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891 na kusoma Kiungani, alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamgira kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Hiyo ndiyo safari ya kazi! Mwaka uliofuata alitoa kitabu, akakiita Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Tazama mpangilio wa jina hilo. Kuona kumetangulia kufanya, na hakuona haya. Unaweza kumlaumu Kayamba kwa mambo mengine, kwani aliwastahi sana wakubwa wa siku zile, lakini hakuwaficha watu wa nyumbani kwamba alikuwa na macho.

Nao wale wapelelezi kumi na wawili waliotumwa Kanaani walirudi na kichala cha zabibu kilichobebwa na watu wawili kwa mti. Sisi tunawakumbuka kwa hofu ya majitu. Mimi siku hizi nawaza kwamba angalau hawakukila kichala njiani na kuleta majitu peke yake.

Nilimwendea mwenyekiti nikamweleza yote. Akasema, "Ndugu, kahawa imekwisha kuuzwa, watu wamekwisha kulipwa. Ukiwaambia leo utawaongezea nini zaidi ya uchungu?" Si jibu la kipumbavu. Ziko kweli ambazo msemaji huzitua ili yeye apumzike, akamwachia msikilizaji mzigo. Nilikaa na neno lake mpaka msimu mwingine wa kuchuma. Lakini kila nilipopita kijijini pale yule mama aliniita "mwanangu uliyeteseka," na jina hilo nilishindwa kulibeba.

Basi nikaenda. Nikamkuta anachambua kahawa mezani, anatoa zilizovunjika. Nikamweleza daftari, saa nane, mashua, samaki, na ile nafasi tupu kwenye karatasi. Aliposikia habari ya saa nane alicheka mpaka akashika meza. Aliposikia habari ya karatasi hakucheka. Alichambua kimya kwa muda. Nikasema nitamletea kuku mwingine. Akasema kuku ni wangu, alinipa kwa safari, na safari nilikwenda. Lakini ya karatasi niende nikayaseme kwenye mkutano, kwani fungu lile halikuwa lake peke yake.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. Amelima kahawa zaidi ya miaka arobaini, na nyumbani kwake hunywa chai ya maziwa. "Hicho kikombe walichokuwekea," akasema, "ndiyo ya kwetu?"

"Ndiyo, mama."

"Ina ladha gani?"

Nikamwambia ilikuwa imekwisha kupoa.